Uzi: Gavana akimaliza mihula yake, kiti kinagombewaje? Kisa cha Maine, Marekani

#1 Mpwani wa Portland

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani uchaguzi wa Marekani ukitajwa wote tunakimbilia urais. Leo nawapeleka kwa gavana. Nipo Portland, jimbo la Maine, kule juu kaskazini mashariki, ukisogea kidogo tu uko Kanada. Jimbo zima lina watu kama milioni 1.4, Dar peke yake inatuzidi mara kadhaa. Gavana wetu Janet Mills amekula mihula yake miwili ya miaka minne minne, na katiba ya jimbo haimpi wa tatu mfululizo. Kwa hiyo Novemba 2026 kiti kiko wazi, hakuna anayekitetea.

Kiti kikiwa wazi Maine wagombea huwa ni msururu, na kuna sababu. Gavana ndiye mtendaji pekee wa serikali ya jimbo anayechaguliwa na jimbo zima. Hakuna naibu gavana. Mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo na mweka hazina wote wanachaguliwa na bunge la jimbo kule Augusta, makao makuu ya jimbo. Mwanasiasa mwenye ndoto ya kuliongoza jimbo hana ngazi ya pembeni ya kupandia, ana mlango huo mmoja. Siku ukifunguka wanajazana hapo hapo.

Hoja yangu naitoa mapema, msije mkasema nazunguka mbuyu: kwenye kiti kilicho wazi, nani anapendwa ni swali la pili. La kwanza ni kura zinahesabiwaje. Nitawapa mwaka 2010, mwaka 2018, na kisa kimoja cha 1879 ambacho kila nikikisimulia watu wanadhani natunga.

Naendelea chini, nipeni nafasi.

#2 Mzee wa Kigamboni

Naweka kambi hapa. Ila kabla hujaenda mbali mwanangu, huyo gavana ndiye mkuu wa mkoa wao au?

#3 Mpwani wa Portland

Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. Mkuu wa mkoa anateuliwa. Asubuhi yuko ofisini na bendera kwenye gari, usiku mkeka unashuka, jina halimo. Gavana hateuliwi na mtu na Rais hana ubavu wa kumtoa. Anaandaa bajeti ya jimbo, anasaini sheria za bunge lake au anazipiga turufu, anapendekeza majaji wa jimbo.

Ushahidi wa karibuni: Februari 2025 magavana walialikwa White House, Trump akamtaka Mills athibitishe mbele ya wenzake kama atatii agizo lake kuhusu wanariadha waliobadili jinsia. Mama akamjibu hapo hapo kwamba watakutana mahakamani. Kesho yake aliamka bado ni gavana. Hebu mpe mkuu wa mkoa yeyote hapo nyumbani jaribio hilo.

#4 Mzee wa Kigamboni

Marahaba. Hahaha, jaribio hilo usimpe mtu mwenye watoto wanaosoma. Endelea.

#5 Mpwani wa Portland

Sasa 2010. John Baldacci wa Democratic alikuwa amemaliza mihula yake miwili, kiti kikawa wazi. Upande wa Republican walijitokeza saba kwenye mchujo wa chama. Akapita Paul LePage, meya wa mji mdogo wa Waterville, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa umeneja wa maduka ya bei poa yanayoitwa Marden's. Alipita kwa kura zisizofika 38 kwa mia, maana wenzake sita waligawana zilizobaki.

Huyu bwana ana historia yake. Kazaliwa Lewiston, familia maskini yenye asili ya Wafaransa wa Kanada, watoto 18, alikimbia kipigo cha baba akiwa na miaka 11 na akalala mitaani. Kwa mgombea hilo ni simulizi tosha. Mdomo wake nao haukuwa na breki, na kuna watu walimpendea huo huo.

Democratic wakamsimamisha Libby Mitchell, rais wa Seneti ya jimbo. Pembeni akaingia Eliot Cutler, mwanasheria, mgombea binafsi asiye na chama. Wakaongezeka na wengine wawili, mmoja wao fundi wa magari mwenye gereji kadhaa anaitwa Shawn Moody. Jina hilo litunzeni.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo penye nyama. Maine unaruhusiwa kupiga kura mapema kwa bahasha bila kueleza sababu. Kwa sehemu kubwa ya kampeni ilionekana ni LePage na Mitchell, Cutler yuko nyuma huko. Watu wa Democratic wakapiga mapema, bahasha zikaenda kwa karani wa mji. Wiki za mwisho Mitchell akaporomoka, Cutler akapanda kama moto wa nyasi. Wale waliokwisha kutuma bahasha wakabaki kuangalia tu. Wangetaka kuhamia kwa Cutler ili kumzuia LePage, hawana karatasi tena.

Matokeo: LePage 37.6 kwa mia, Cutler 35.9, Mitchell 18.8, Moody kama 5. Kati ya wa kwanza na wa pili hapakuwa na kura 10,000.

Zaidi ya sita katika kila wapiga kura kumi hawakumtaka, na bado ndiye gavana halali kabisa. Baadaye zikatokea stika za kubandika nyuma ya gari, zimeandikwa tu "61%". Hakuna jina, hakuna chama. Mtu wa Maine akiiona kwenye foleni anaelewa.

#6 Dada wa Nakuru

Mpwani, sioni shida iko wapi. Hapa Kenya gavana pia hahitaji nusu, mwenye kura nyingi ndiye huyo, Katiba imesema. Ni Rais ndiye anatafutiwa nusu na moja, halafu robo ya kura katika angalau kaunti 24. Na sisi ukomo wa mihula unabana pia. 2022 magavana wengi wa kwanza wa ugatuzi walikuwa wamemaliza miaka kumi, viti vikawa wazi kote nchini. Mombasa na Kakamega tukaona hata uchaguzi wa gavana ukisongezwa hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilikuja na picha zisizo za wagombea wao.

Ukianza kudai kila gavana apate nusu utarudia uchaguzi mara ngapi? Pesa za nani?

#7 Mpwani wa Portland

Dada, swali lako Maine walishalijibu kwa njia mbaya kuliko zote, na ndicho kisa nilichoahidi.

Zamani katiba yao ilidai gavana apate zaidi ya nusu. Asipopata hapakuwa na marudio. Uamuzi ulikwenda bungeni. Mwaka 1878 walisimama watatu. Selden Connor wa Republican akaongoza akiwa na karibu 45 kwa mia. Wa pili alikuwa Joseph Smith wa chama cha Greenback, kilichokuwa na nguvu kwa wakulima. Wa tatu, mkiani kabisa, Alonzo Garcelon wa Democratic, daktari wa Lewiston, kura 22 na kitu kwa mia. Bunge likakaa, vikundi vikapatana, gavana akawa Garcelon. Aliyeshika mkia!

Mwaka uliofuata (enzi hizo muhula ulikuwa mwaka mmoja) Daniel Davis wa Republican akaongoza, akakosa nusu kidogo sana. Safari hii Republican walikuwa wameshinda na bunge, kwa hiyo ilikuwa wazi bunge litamchagua nani. Garcelon na baraza lake wakachukua fomu za matokeo wakaanza kuzikagua. Hapa jina limekosewa herufi, ile haina saini inavyotakiwa, futa. Fomu zilizofutwa zikawa za upande mmoja kwa wingi, na wingi wa viti bungeni ukahamia upande wa pili. Kukawa na makundi mawili, kila moja linajiita bunge halali, watu wenye silaha wakaanza kumiminika Augusta.

Aliyezima moto alikuwa Joshua Chamberlain, jemadari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, shujaa wa Gettysburg, gavana wa zamani, wakati huo mkuu wa chuo cha Bowdoin na kamanda wa wanamgambo wa jimbo. Januari 1880 alilinda jengo la serikali kwa siku 12. Hakujaza askari, alitumia polisi wa mji. Kila upande ulimtaka amtambue mtu wake, akakataa wote, wakamtishia kumuua, akasubiri Mahakama Kuu ya jimbo iseme. Ikasema, Davis akaapishwa, Chamberlain akarudi zake chuoni.

Baada ya hapo, 1880 hiyo hiyo, wakabadilisha katiba: gavana ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake, basi, nusu haihitajiki. Hawakuwa wanafuata falsafa yoyote, walikuwa wamechoka kutishiana bunduki.

Kumbuka kifungu hicho, dada. Kimelala miaka zaidi ya 130, kisha kikaamka.

#8 Mchambuzi wa Kijiweni

Nimesoma yote. Mkuu unaandika vizuri ila naona unaelekea wapi. Utatuambia sasa ile staili ya kupanga wagombea namba moja, namba mbili, namba tatu. Hiyo ni mbinu ya walioshindwa. Mtu kaongoza duru ya kwanza, unakuja kumpokonya kwa kura za namba mbili za watu waliochagua magarasa. Kura moja mtu mmoja, mbona rahisi?

Halafu umemsema LePage tu. Wa upande wenu hawajapita kwa asilimia za chini?

#9 Mpwani wa Portland

Upande wetu upi, mkuu? Mimi sina kadi ya chama hata kimoja. Na kwa LePage uko sahihi, hakuiba kura ya mtu, alicheza kwa kanuni zilizokuwepo. Hesabu hii hapa: kuanzia 1974 hadi 2014 Maine ilichagua gavana mara 11, na mara 9 aliyeshinda hakufika nusu. Wamo wa Democratic, Republican na wasio na chama. Angus King, ambaye sasa ni seneta Washington, alipata ugavana 1994 kwenye kiti kilichokuwa wazi, mgombea binafsi, kwa 35 kwa mia, chini ya LePage! Wa tatu siku hiyo alikuwa Susan Collins, ndiyo, yule yule seneta. Baldacci alirudishwa 2006 kwa 38. Ugonjwa ni wa jimbo, LePage alikuwa mgonjwa mmoja tu.

Sasa staili ya kupanga. Kwanza ieleweke inavyofanya kazi, maana wengi wanaibishia bila kuiona karatasi. Karatasi ina majina upande wa kushoto, na kulia kuna safu za viduara: chaguo la kwanza, la pili, la tatu, kuendelea. Unatia wino kiduara kimoja kila safu. Ukitaka mmoja tu, jaza mmoja, karatasi yako ni halali. Kura za kwanza zikihesabiwa na mtu akapita nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, wa mwisho anatolewa, na karatasi za waliomchagua zinahamia kwa chaguo lao la pili. Inarudiwa hivyo hadi mmoja avuke nusu ya karatasi zilizobaki mezani. Ambaye hakujaza wa pili, karatasi yake inakaa pembeni.

Novemba 2016 wananchi wa Maine walipiga kura ya moja kwa moja kuikubali, 52 kwa mia. Lakini Mei 2017 majaji wa Mahakama Kuu wakatoa maoni kwamba kwa uchaguzi mkuu wa gavana na wabunge wa jimbo inagongana na katiba. Kwa kifungu kipi? Kile kile cha 1880. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake duru ya kwanza ndiye mshindi, huwezi kuendelea kuhesabu.

Bunge likaona pa kutokea. Oktoba 2017 likapitisha sheria ya kuiahirisha staili hiyo, na kama muda ukifika katiba haijabadilishwa, ife. Wananchi wakakasirika, wakasimama nje kwenye baridi ya Maine kukusanya saini za kuipinga hiyo sheria. Saini zikatosha, sheria ikasimama hadi wananchi waipigie kura.

#10 Dada wa Nakuru

Subiri. Kwa hivyo mchujo wa vyama unaruhusiwa kupanga, na uchaguzi wenyewe wa gavana hauruhusiwi?

#11 Mpwani wa Portland

Umeshika, dada. Katiba inazungumzia uchaguzi mkuu, mchujo wa vyama haiugusi. Ubunge wa Marekani nao haubanwi na kifungu hicho. Ndiyo maana mambo yakawa mkanganyiko mtamu mwaka 2018, na kiti cha gavana kiko wazi tena kwa sababu LePage amemaliza mihula miwili.

Juni 12, 2018 wakapiga mchujo kwa kupanga, mara ya kwanza kwa jimbo zima la Maine. Siku hiyo hiyo, kwenye karatasi nyingine, wakaulizwa kama wanataka kuendelea na kupanga, wakasema ndiyo, 54 kwa mia. Yaani wanatumia kitu huku wanakipigia kura.

Democratic walikuwa saba. Janet Mills, mwanasheria mkuu, akaongoza duru ya kwanza kwa 33. Adam Cote, mwanasheria na mwanajeshi wa zamani, 28. Halafu Betsy Sweet, Mark Eves na wengine. Kwa staili ya zamani Mills angepita na 33 yake kama LePage alivyopita 2010. Badala yake karatasi zikakusanywa kutoka miji yote zikaletwa Augusta kwa magari, zikaingizwa kwenye mashine, na jibu likatoka Juni 20: Mills 54, Cote 46. Mshindi ni yule yule. Mchambuzi, nakuomba ulione hilo: mara nyingi aliyeongoza anabaki kuongoza.

Kilichobadilika ni tabia za wagombea. Sweet na Eves walitoka kwenye tangazo moja, pamoja, kila mmoja akiwaambia watu wake wampe mwenzake namba mbili. Wagombea wawili wa kiti kimoja! Ukimtukana mwenzako unapoteza namba mbili za watu wake, kwa hiyo wakawa na adabu. Sidai ni malaika, ni hesabu tu.

Republican walikuwa wanne na hawakuhitaji duru ya pili. Yule fundi wa gereji niliyewaambia mtunze jina lake, Shawn Moody, sasa akiwa ndani ya chama, alipata 56 moja kwa moja.

Novemba, uchaguzi mkuu, kupanga hakupo kwa gavana. Mills, Moody, Terry Hayes mweka hazina wa jimbo asiye na chama, na Alan Caron naye asiye na chama. Hofu ya 2010 ikarudi mezani. Caron alikuwa amesema mapema kwamba akiona hawezi kushinda atajitoa, na kweli, siku chache kabla ya kura akajitoa akamuunga mkono Mills. Jina lake likabaki kwenye karatasi lakini ujumbe ulifika. Mills akapata 50.9, Moody 43.2, Hayes karibu 6. Mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Maine, na wa kwanza kupita nusu tangu King alipochaguliwa mara ya pili mwaka 1998.

Na siku hiyo hiyo, chumba hicho hicho cha kupigia kura, kwenye ubunge wa Marekani walikuwa wanapanga! Wilaya ya pili, Bruce Poliquin wa Republican akaongoza kwa kura za kwanza, 46.3 dhidi ya 45.6 za Jared Golden. Zilipohamishwa za wagombea wawili wa chini, Golden akavuka, 50.6. Poliquin akaenda mahakama ya shirikisho, akashindwa. LePage akiwa anakaribia kutoka ofisini ilibidi asaini cheti cha ushindi. Alisaini, na pembeni ya saini akaandika kwa mkono wake kwamba uchaguzi umeibwa.

#12 Mchambuzi wa Kijiweni

Hilo la Poliquin ndilo nililokuwa nasema. Kaongoza, kapokonywa. LePage aliandika ukweli wake.

#13 Mpwani wa Portland

Tutakubaliana kutokubaliana. Mimi naona Poliquin aliongoza kwa pua, na waliobaki walipoulizwa kati ya hao wawili wanamtaka nani, wakasema si yeye. Lakini hoja yako ina wenyewe wengi sana hapa, chama kizima cha Republican cha jimbo kiko upande wako, huwezi kuitwa mtu wa ajabu. Ninachokataa ni kusema kuhesabu kwa zamani ndiko kwa asili. Mwaka 1878 asili ilikuwa bunge kumpa ugavana aliyeshika nafasi ya tatu.

#14 Mwana wa Bukavu

Bandugu, nasalimia wote. Mimi ni Mkongomani, niko hapa hapa Portland. Kaka Mpwani anaongea mambo ya kuhesabu, mimi niongeze kwa nini gavana anatuhusu hata sisi wenye hatupigi kura.

Kwetu gavana wa jimbo anachaguliwa na wabunge wa jimbo, raia haulizwi. Na Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021 ni hali ya dharura, gavana ni mwanajeshi. Kwa hiyo nilipofika huku sikujali gavana ni nani. Nilijua tu karani wa manispaa.

Juni 2019 tulifika familia nyingi kwa pamoja, wengi Kongo na Angola, kutoka mpaka wa Texas na mabasi. Mji ukatuweka Expo, ule uwanja wa basketi. Vitanda vya kukunja vimepangwa juu ya mbao za uwanja, juu yenu kuna kikapu cha kufungia goli. Watoto walifurahi, sisi wazazi tulihesabu dari. Wenyeji walileta mchele na nguo hadi mji ukasema inatosha.

Nikajifunza hivi. Sheria ya Amerika inasema muomba hifadhi hawezi kupata kibali cha kazi hadi siku 180 zipite tangu afungue faili. Hiyo ni ya Washington, gavana haiwezi. Lakini katika hizo siku unakula nini, unalipa nyumba na nini? Kuna msaada wa manispaa, na jimbo linairudishia manispaa sehemu kubwa ya pesa. Nani anastahili, hapo ndipo gavana ana kalamu.

#15 Mpwani wa Portland

Ndugu yangu, asante sana. Ngoja niongezee kipande cha LePage hapo maana kina kichekesho ndani yake.

2014 serikali yake iliziambia manispaa kwamba hazitarudishiwa pesa zikiwasaidia watu wasio na makaratasi, na waomba hifadhi wakaingizwa kapu hilo. Portland ikagoma, ikaenda kwenye kesi. 2015 bunge likapitisha mswada wa kuwaruhusu waomba hifadhi msaada kwa hadi miezi 24. LePage alikuwa na siku 10 za kuupiga turufu. Akaukalia, pamoja na miswada mingine, jumla 65, akiamini bunge limefunga na kwamba muda wake umesimama. Bunge likasema hatujafunga, tulipumzika tu. Agosti Mahakama Kuu ikasema turufu zote 65 hazina nguvu kwa kuchelewa, miswada ni sheria. Familia ngapi za Kiswahili zililipa kodi ya nyumba kwa sababu gavana alihesabu siku vibaya!

Baadaye idara yake ikabana masharti kupitia kanuni. Mills alipoingia, Julai 2019, wiki chache baada ya watu kujaa Expo, akalegeza kanuni hizo hizo. Sheria ni ile ile, kalamu tofauti.

Kuna na bima ya afya ya watu wa kipato kidogo. Novemba 2017 wananchi walipiga kura ipanuliwe, 59 kwa mia. LePage akakataa kuitekeleza kwa sababu ya fedha, akasema hadharani yuko tayari kwenda jela kabla. Januari 3, 2019, siku ya kwanza ya kazi, Mills akasaini agizo la kuianzisha. Hizo ndizo tofauti za gavana na gavana.

#16 Mzee wa Kigamboni

Nimeelewa. Sasa fedha. Watu saba kwenye mchujo mmoja, nani anawafadhili? Au na huko kuna takrima?

#17 Mpwani wa Portland

Pesa kubwa za matajiri na makundi ya nje zipo mzee, tena zimejaa. Lakini Maine ina kitu nilichokipenda tangu nifike. Wananchi walipitisha 1996 sheria ya fedha za umma kwa wagombea. Anayetaka ugavana kwa njia hiyo anatafuta wapiga kura wasiopungua 3,200, kila mmoja atoe dola 5, tano tu. Akifikisha anapewa fedha za kampeni na mfuko wa jimbo na haruhusiwi kuchangisha kwingine. Terry Hayes aliitumia 2018. Betsy Sweet pia.

Ukikaa sokoni Jumamosi mwaka wa kiti kilicho wazi unakutana na kijana kashika ubao wenye fomu, anakuomba dola tano na saini. Huku mgombea ndiye anayeomba tano kutoka kwako. Kwetu ni yeye anayekuachia kofia na kanga.

#18 Dada wa Nakuru

Na hio 2026 basi? Nani anachukua? LePage anaweza kurudi?

#19 Mpwani wa Portland

Kurudi kunaruhusiwa, katiba inazuia mfululizo tu. Alijaribu 2022 dhidi ya Mills, akapigwa 55.7 kwa 42.4, na hapo hakukuwa na wa kugawa kura za maana, mgombea wa tatu alikuwa na 2 hivi.

Nani atachukua sitabiri, dada. Mtu akikwambia anajua gavana wa Maine kwenye kiti kilicho wazi, mwulize kwanza wasio na chama wangapi watabaki hadi siku ya mwisho. Mchujo ni wa kupanga, kwa hiyo usishangae aliyeongoza duru ya kwanza akikaa wiki nzima anasubiri. Novemba ni kanuni ya 1880: mwenye nyingi kachukua, hata ziwe 36 kwa mia. Kwa mimi mwenye kura, maana yake ni moja. Bahasha yangu siitumi mapema. Nitasubiri wiki ya mwisho nione nani kapanda, nani kajitoa.

#20 Kijana wa Lewiston

Mkuu, mimi nimeapishwa uraia mwaka huu, nimekulia Kakuma, sasa Lewiston. Bado sijajiandikisha kupiga kura. Nimechelewa?

#21 Mpwani wa Portland

Hongera sana mdogo wangu! Hujachelewa. Maine unajiandikisha hata siku yenyewe ya kura, pale pale kituoni. Ni hivyo tangu miaka ya 1970. Bunge liliifuta 2011, na Novemba hiyo hiyo wananchi wakairudisha kwa 60 kwa mia. Nenda na kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi, bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Ila usingoje siku hiyo, foleni ya kujiandikisha huwa ndefu kuliko ya kupiga kura. Pita kwa karani wa mji wiki yoyote, mchana, dakika chache umemaliza. Na mchujo wa Juni ukikupita, Novemba karatasi ya gavana ina kiduara kimoja tu cha kujaza, usitafute safu ya pili.